Chumvi ya Jumanne

Sechelela ana miaka tisa na meno mawili mapya mbele,
anataka kwenda kulala kwa kina Tumpe, Ilazo,
Ijumaa, shule zikifunga nusu muhula.
Mfuko keshaufunga: mswaki, kanga, blanketi la bluu.
Namba yangu ya simu ameikariri
kama walivyokaririshwa jedwali la saba.

Nikamwambia, ngoja.
Neno hilo halina mlango wala dirisha,
mtoto hulizunguka akitafuta pa kuingilia.
"Ningoje mpaka lini?"
Nikamtuma akafunike kopo la chumvi,
wazi tangu juzi Mama Tumpe alipokuja kuomba.

Sisi tulilala popote.
Mvumi, likizo ya mavuno, watoto kumi na mmoja juu ya ngozi mbili za ng'ombe,
miguu ya huyu kichwani kwa yule,
na hakuna aliyeuliza nani analala wapi.
Wanasema zamani mtoto alikuwa wa wote.
Ni kweli. Nami nilikuwa wa wote,
ndiyo maana nilijifunza kulala sketi nimeipiga fundo,
mgongo ukutani,
na nilipokataa kurudi mwaka uliofuata
nikaambiwa nina deko.
Mama aliniuliza mara moja tu, huku anapepeta uwele.
Nikasema, hamna kitu.

Alhamisi nikanunua zabibu kilo moja, nikaenda Ilazo,
vumbi la Septemba likinitangulia.
Nikajifanya napita.
Macho nikayatuma kazi:
vyumba vitatu, choo cha ndani,
komeo liko upande wa watoto, linafika mkono mfupi.
Kando ya kochi, viatu vya mwanamume,
vikubwa, vimepigwa rangi.
"Vya baba Tumpe?" sauti nimeipaka asali.
"Vya mdogo wangu, Ambakisye. Katoka Tukuyu, anatafuta kazi."

Mfuko wa zabibu ukawa mzito mkononi.

Mama Tumpe akaupokea, akakaa.
"Ijumaa atalala Nkuhungu kwa rafiki yake. Nimeshamwambia.
Si kwamba ana neno. Mimi nimembeba mgongoni yule.
Lakini wewe hukumbeba."
Akachuma zabibu moja, hakuila.
"Unakumbuka Jumanne nilikuja kuomba chumvi?"

Nilikumbuka. Nilimpimia kikombe na kumcheka moyoni:
mke wa mtu wa wizara, ameishiwa chumvi,
ametoka Ilazo mpaka Chang'ombe,
kapita maduka arobaini.

"Kabatini ninazo paketi tatu," akasema.
"Nilikuja kuhesabu milango."

Tukacheka mpaka machozi,
kisha kicheko kikatuishia sote kwa pamoja,
na hakuna aliyemuuliza mwenzake
alijifunzia wapi hesabu hiyo.

Ijumaa usiku upepo uliyavuta mabati kama mwenye deni.
Nililala na gauni la kutokea,
simu kifuani, namba ya Chiduo wa bodaboda juu kabisa.
Saa nane treni ikapiga honi.
Saa tisa mbwa.
Simu haikulia, na nikajikuta,
Mungu anisamehe,
nimeumia kidogo kwamba haikulia.

Karudi Jumamosi ananuka sabuni ya nyumba nyingine.
Walikula wali na ndizi. Alishinda karata mara mbili.
"Ulilia?"
"Kidogo. Tumpe akanishika kidole."
Blanketi akalikunja pembe kwa pembe, mkunjo nisiomfundisha,
nami nikaliacha hivyo hivyo.

Jioni nilimkalisha kati ya magoti nimsuke.
Nikauliza, kulikuwaje.
Akasema, kuzuri.
Nikashuka mistari miwili, nikauliza mara ya pili.
Akasema, kuzuri, mama.
Nikauliza ya tatu.
Akasema, mama,
unanivuta nywele.